Meza Ikikwama: Utatuzi wa Matatizo ya Michezo ya Hadithi

Kundi linalocheza michezo ya hadithi likianza kulegea, lawama huangukia pawili: mchezaji fulani, au kitabu cha kanuni. "Yule anatuharibia mchezo." "Hii D&D ni ngumu, tutafute nyingine." Mara nyingi chanzo hakiko huko. Ukirudi nyuma dakika tano kabla mambo hayajaharibika, utakuta swali lililoulizwa vibaya, dadu iliyotupwa pasipo haja, au jambo ambalo kila mtu alidhani limekubaliwa na halikuwahi kusemwa. Yote hayo hurekebishika bila kumfukuza mtu na bila kununua kitabu kipya.

Mwongozo huu ni wa kundi la watu watatu hadi sita wanaocheza mezani. Kila mchezaji ana mhusika wake, mmoja ni mwendeshaji anayesimulia dunia na watu wengine wote waliomo, na dadu huamua pale ambapo hakuna ajuaye kitakachotokea. Mifano mingi nimeichota kwenye Dungeons & Dragons, yaani D&D, mchezo ulioanzisha aina hii mwaka 1974 kwa mikono ya Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani, kwa kuwa ndio wengi wanaoanza nao. Tafuta dalili unayoiona, fanya jaribio, ndipo utoe dawa. Badilisha jambo moja kwa kikao kimoja. Ukibadilisha matatu kwa mpigo hutajua lipi lililosaidia.

Kikao kinaahirishwa kila mara

Hili ndilo linaloua makundi mengi, na watu hulisoma kama ukosefu wa nia. Piga hesabu kwanza. Una wachezaji watano, wote wa kutegemewa: katika vikao kumi, kila mmoja hufika vinane. Ukitaka wote watano wawepo siku moja, utacheza mara moja tu katika kila mara tatu, kwa sababu 0.8 ikizidishwa yenyewe mara tano ni 0.33. Hakuna aliyezembea. Mmoja ana zamu kazini, mwingine amefiwa, wa tatu mtoto ana homa. Sasa wekeni kanuni kwamba wakifika watatu mnacheza. Kwa watu walewale, uwezekano unapanda hadi 94 katika 100.

Kwa hiyo tiba ni siku isiyobadilika, tuseme Jumamosi ya kwanza na ya tatu saa tisa alasiri, pamoja na idadi ya chini inayojulikana na kila mtu. Acheni kura za "mnaweza lini?" kwenye kundi la WhatsApp kila wiki, kura hizo huufanya mchezo uwe jambo la kujadiliwa upya kila mara, na kinachojadiliwa upya kila mara siku moja hukataliwa. Kisha amueni mapema nini kinampata mhusika ambaye mwenyewe hayupo. Mimi napendelea abaki nyuma akilinda, tuseme, jahazi lao: hafi, hapotezi mali, na hatumiki na wengine kama ngao. Ili hilo liwezekane, malizeni kila kikao mahali salama, bandarini au nyumbani kwa mtu, msiishie katikati ya pango.

Kama mmefanya hayo na bado vikao havifanyiki, tazama ni nani anayeahirisha. Akiwa ni mwendeshaji, ruka hadi sehemu ya mwisho.

Swali linaulizwa, meza iko kimya

Mwendeshaji amesimulia vizuri. Usiku, ghala la karafuu, magunia hadi darini, ngazi moja ya mbao. Anamaliza na kuuliza, "Haya, mnafanya nini?" Kimya. Mmoja anasoma karatasi ya mhusika wake kana kwamba haijui, mwingine ameshika simu.

Kimya hiki kina vyanzo vinne, na kila kimoja kina dawa yake, kwa hiyo usikimbilie kuongeza vitisho au maadui.

Cha kwanza ni swali lenyewe. Limeulizwa kwa wote, basi halijaulizwa kwa yeyote. Tena halibani popote. Jaribu hivi: "Mlinzi ameanza kupanda ngazi, mwanga wa taa yake unaonekana ukutani. Nahodha, wewe ndiye uliye karibu na mlango. Unafanya nini kabla hajafika juu?" Kuna mtu mmoja aliyeitwa kwa cheo cha mhusika wake, kuna jambo moja linalokuja, na kuna muda unaokwisha. Akijibu papo hapo, umeshapata chanzo, na kwa meza nyingi nilizokaa kazi huishia hapo. Mzoeshe ulimi wako kumaliza kila simulizi kwa jina la mtu na jambo linalomkabili.

Akisitasita hata kwa swali hilo, nenda kwenye chanzo cha pili: mhusika hana anachokitaka. Muulize mchezaji, "Mtu wako anataka nini leo hii?" Akikusomea nguvu zake na silaha zake, basi ana orodha ya vifaa, hana mtu. Hapo usimpe kazi ya kuandika historia ya kurasa tatu. Mwombe aandike mambo matatu kwa mstari mmoja mmoja: anadaiwa na nani, anamjali nani, anatafuta nini. Deni ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mhusika anayedaiwa nauli ya safari nzima na mwenye jahazi, tena ambaye mwenye jahazi huyo yumo mjini, hawezi kukaa kimya ndani ya ghala la karafuu.

Chanzo cha tatu ni woga uliofundishwa. Wachezaji waliwahi kutoa mawazo wakaambiwa hayawezekani, wakajifunza kwamba kuna jibu moja sahihi na liko kichwani mwa mwendeshaji. Jaribio lake linamhusu mwendeshaji: katika kikao kijacho, weka alama kwenye karatasi kila unaposema "hapana" au "haiwezekani". Zikiwa nyingi, badala ya kukataa taja gharama. "Unaweza kuuvunja mlango, ila kishindo kitasikika hadi forodhani." Mchezaji sasa ana uamuzi wa kufanya, na kuamua ndiko kucheza.

Chanzo cha nne ni lugha. Vitabu vingi vya michezo hii ni vya Kiingereza, na kundi hujikuta linacheza kwa Kiingereza bila mtu kuamua hivyo. Sikiliza wakati wa mapumziko. Kama wanasimuliana kilichotokea kwa Kiswahili, kwa mbwembwe na vicheko, halafu wakirudi mezani sauti zinapungua, umepata jibu. Chezeni kwa lugha ya mapumziko. Maneno yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mhusika yabaki yalivyo, hayamzuii mtu kusema. Na kwa mwenye moyo wa kutafsiri kanuni zenyewe, njia iko wazi kisheria: Januari 2023 kanuni za msingi za toleo la tano la D&D ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu mtu yeyote kuzinakili, kuzitafsiri na hata kuziuza, mradi ataje zilikotoka. Ningefurahi sana kuona toleo la Kiswahili la kurasa chache linalopita mkono kwa mkono.

Mmoja anasema, wengine wanasikiliza

Kabla ya kumwona mtu huyu kama tatizo, hakikisha hajazi tu kimya kilichoachwa na wengine. Kwa kikao kimoja, peleka maswali kwa zamu kuzunguka meza. Akitulia, basi alikuwa anaokoa jahazi. Asipotulia, zungumza naye pembeni, kamwe si mbele ya kundi, na umpe kazi badala ya karipio: "Kaka, mawazo yako yanaisukuma hadithi. Hawa wawili bado wageni. Ukiona mmoja amefungua mdomo mwachie, na ukiweza umuulize mtu wake anaonaje." Msemaji mzuri akipewa jukumu la kuwavuta wengine hulifanya vizuri kuliko mwendeshaji.

Meza yenye umri tofauti ina hali yake. Wadogo husubiri mkubwa aseme kwanza, na akishasema hawampingi. Ni adabu, na hupaswi kuivunja, lakini mchezo unakosa sauti zao. Dawa yake iko ndani ya hadithi: mpe mdogo mhusika mwenye cheo. Akiwa yeye ndiye nahodha na mjomba wake ni baharia, mjomba mwenyewe ndiye atakayesema, "Nahodha, tunangoja amri yako." Kuanzia hapo kijana ana ruhusa ya kuamua, na heshima ya nyumbani haijaguswa.

Dadu imekataa, hadithi imesimama

Wachezaji wanapekua chumba cha karani. Kuna barua inayomtaja msaliti, na bila barua hiyo hakuna pa kwenda. Mwendeshaji anaomba dadu. Inatoka 4 kwenye dadu ya pande 20, haitoshi. Nusu saa inayofuata watu wanapekua chumba kilekile kwa maneno mapya.

Hapa kitu cha lazima kimefichwa nyuma ya bahati. Robin D. Laws aliliona jambo hili alipobuni GUMSHOE, mfumo wa michezo ya upelelezi: kwake, mhusika mwenye ujuzi unaofaa akitafuta mahali panapofaa anaupata ushahidi wa msingi bila kutupa dadu, na mchezo unahamia kwenye kuamua ushahidi huo una maana gani. Kanuni hiyo inafaa hata kama mnacheza kitu kingine. Barua ipatikane. Dadu iulizwe kama karani amesikia droo ikifunguliwa.

Kabla ya kuomba dadu, jiulize nini kitatokea ikikataa. Kama huna jibu, usiiombe.

Kuna makosa mawili ya hesabu yanayojificha hapa, na yanastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu huwafanya watu wadhani dadu zina laana. La kwanza ni "kila mtu ajaribu". Mlango una kufuli, nafasi ya kulifungua ni nusu kwa nusu, wahusika ni wanne, na kila mmoja anatupa dadu yake. Uwezekano wa angalau mmoja kufaulu ni karibu 94 katika 100. Kufuli halikuwa gumu tena; mmepoteza dakika tano kufikia jibu lililojulikana. Ajaribu mmoja, jibu lake liwe la wote.

La pili ni kinyume chake, nalo linauma zaidi. Wanne hao wanataka kunyata mbele ya walinzi. Kila mmoja ana nafasi ya 60 katika 100, ambayo inasikika nzuri. Lakini mkiwataka wote wanne wafaulu, nafasi ya kundi ni 13 tu katika 100. Baada ya kushindwa mara mbili tatu, wachezaji wataacha kunyata, watakuwa wanavamia kila kitu kwa panga, na mwendeshaji atalalamika kwamba wanapenda vita tu. Toleo la tano la D&D lina kanuni ya kundi inayosahaulika: wote watupe, na wakifaulu angalau nusu, kundi zima limefaulu. Kwa watu walewale nafasi inakuwa 82 katika 100. Jaribu kwa vikao viwili uone mipango inavyorudi mezani.

Pambano moja limekula jioni nzima

Pima mzunguko mmoja, yaani kila mtu kupata zamu yake mara moja, kwa saa ya simu. Wachezaji watano wakitumia dakika tatu kila mmoja, na mwendeshaji dakika tano kwa maadui, mzunguko ni dakika 20. Kila mchezaji anacheza dakika tatu na kungoja 17. Mizunguko minne ni saa moja na dakika 20. Simu zinapotoka mifukoni, usiwalaumu wenye simu.

Tazama dakika zinaishia wapi. Zikiishia kwenye kufikiri, taja wawili kwa pamoja kila zamu inapobadilika: "Sasa ni mganga, jiandae mpiga upinde." Zikiishia kwenye kujumlisha, kila mtu aandike nyongeza zake, yaani namba anazojumlisha kwenye dadu, kwenye karatasi kabla, na mwendeshaji atumie wastani wa madhara badala ya kutupa dadu kwa kila adui. Dadu mbili za pande sita zina wastani wa 7, na D&D huuchapa wastani huo pembeni ya kila shambulio la adui. Zikiishia kwenye kuwamalizia maadui ambao tayari wameshindwa, simamisha. Pambano ambalo mwisho wake unajulikana limekwisha. Maadui wakimbie, au wasalimu amri, nanyi muwe na mateka wa kuhoji.

Ila pambano refu lenye jambo la kuokoa halichoshi. Ghala linaungua, na magunia yanapungua kila mzunguko. Hapo watu hufanya haraka bila kuombwa.

Mtu ameondoka na kinyongo

Hili lichukuliwe kwa uzito kuliko kanuni yoyote. Chanzo cha kawaida ni kwamba hadithi iligusa kitu ambacho mmoja wenu hakutaka kukigusa, naye hakuwa na njia ya kusema bila kuharibu starehe ya wengine.

Njia hiyo hujengwa kabla ya hadithi kuanza. Fanyeni kikao cha mwanzo kisicho na dadu, saa moja yatosha: tunataka hadithi ya namna gani, nini kisitokee kabisa, nini kitajwe kwa mbali bila kuelezwa. Ron Edwards, mbunifu wa michezo hii, ndiye aliyeuweka utaratibu huo wa mipaka na pazia katika michezo hii. Mateso ya mtoto, kwa mfano, yanaweza kuwekwa nje ya mpaka; mapenzi yanaweza kubaki nyuma ya pazia. John Stavropoulos naye alileta kadi ya X: kipande cha karatasi chenye alama ya X katikati ya meza. Yeyote akiigusa, jambo linaloendelea linarukwa na hakuna anayeulizwa sababu. Mwendeshaji aiguse yeye kwanza, hata kwa jambo dogo, ili wengine waone kwamba haiumi.

Kwetu kuna swali la kuongeza kwenye kikao hicho: uchawi na majini. Kwa mchezaji mmoja ni hadithi tu. Kwa aliyekaa pembeni yake ni jambo lililoigusa familia yake, au jambo ambalo imani yake haimruhusu kulichezea. Uliza wazi, na jibu la "hapana" lipokewe bila mjadala. Hadithi ya mabaharia, magendo na kesi ya urithi inajaza vikao vingi bila jini hata mmoja.

Kinyongo kingine hutokana na usaliti kati ya wahusika. Mmoja ameiba mali ya kundi, anacheka, wengine wamenuna. Hapo watu wawili walikuwa wanacheza michezo tofauti kwenye meza moja. Kubalianeni: hapa tunasalitiana, au hatusalitiani. Kundi likipenda kusalitiana, kuna michezo iliyojengwa kwa hilo, kama Fiasco ya Jason Morningstar, ambayo huisha kwa kikao kimoja na ambamo kila mtu anajua tangu mwanzo kwamba mipango yao itaharibika.

Dadu hazipatikani

Seti kamili ina dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na si kila duka linaziuza. Programu za simu zinafaa. Umeme ukikatika na chaji ikiisha, chukua karata: ree hadi kumi nyekundu za aina moja ziwe 1 hadi 10, ree hadi kumi nyeusi za aina moja ziwe 11 hadi 20. Vuta moja kati ya hizo 20, kisha irudishe na uchanganye upya kila mara, la sivyo uwezekano unabadilika. Au chezeni mchezo unaotumia dadu za ludo pekee. Ipo mingi, na mingine kanuni zake zinatosha ukurasa mmoja.

Mwendeshaji amechoka

Dalili zake ni kuahirisha, kufika bila maandalizi, na kukasirika wachezaji wakienda njia asiyoitarajia. Hiyo ya tatu ndiyo inayoonyesha chanzo. Aliandika hadithi nzima nyumbani, wachezaji hawakuifuata, na saa zake za kazi zimetupwa. Aandae hali, asiandae hadithi: watu watatu wanaotaka vitu vinavyogongana, mahali pamoja, na nini kitatokea kufikia alfajiri kama hakuna atakayeingilia. Vyote viingie kwenye ukurasa mmoja. Wachezaji wakienda kushoto, watu wale watatu bado wapo na bado wanataka walichokitaka.

Pengine amechoka kwa sababu amebeba kila kitu: nyumba yake, chai yake, vitabu vyake, na yeye ndiye anayewapigia watu simu. Gawaneni. Mmoja atunze kumbukumbu na afungue kila kikao kwa kueleza tulikoishia, mmoja awe wa kutafuta kanuni kitabuni, mmoja akumbushe watu siku, na chakula kiwe cha zamu.

Na pengine anataka tu kucheza kama wengine. Chukueni mchezo usio na mwendeshaji. The Quiet Year ya Avery Alder unatumia karatasi, kalamu, karata 52 na dadu chache za pande sita; watu wawili hadi wanne wanachora pamoja ramani ya jamii iliyotoka vitani, kila karata ikiwa ni wiki moja na kila aina ya karata msimu mmoja, hadi mfalme wa shupaza atakapotokea na mwaka kukatika. Kwa jioni nzima hakuna aliyeandaa chochote. Baada ya hapo mwulize kama bado anaitaka hadithi yake ya zamani. Akisema hapana, fanyeni kikao kimoja cha kuifunga: kila mchezaji ataje jambo moja analotaka limalizike kwa mhusika wake, yapangwe kwa zamu, na anayefuata kuendesha aanze na wahusika wapya Jumamosi inayofuata.